Boi wa Matuga: Historia ya Jina, Maandishi na Matamshi

1. Utangulizi

Miongoni mwa majina ya watu walioiwakilisha Kwale katika siasa za Kenya limo jina moja ambalo msomaji asiyetoka pwani hulisoma kabla ya kulisikia, na kwa sababu hiyo hulikosea. Jina hilo huandikwa Boy. Katika uchaguzi mkuu wa Machi 2013, uchaguzi wa kwanza uliofanyika chini ya Katiba ya mwaka 2010, Boy Juma Boy, aliyewahi kuwa Mbunge wa Matuga, alichaguliwa kuwa Seneta wa kwanza wa Kaunti ya Kwale. Mwaka 2017 kiti hicho kilichukuliwa na nduguye, Issa Juma Boy, ambaye alichaguliwa tena mwaka 2022. Kabla yao alitangulia Juma Boy, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa bandari ya Mombasa, ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa Katibu Mkuu wa COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa mwaka 1965. Yeye pia aliwasemea watu wa Kwale bungeni.

Kwa hiyo jina Boy limetajwa katika mambo ya taifa kwa muda wa nusu karne na zaidi. Hata hivyo, umaarufu wa jina na wingi wa wenye jina ni mambo mawili mbalimbali. Juma, Ali, Hamisi na Bakari ni majina ya wengi pwani nzima, na hakuna mwenye jina hilo anayehitaji kulieleza kwa mtu. Boy ni jina la wachache. Limevuma kwa sababu ya wachache hao, na limevuma zaidi kwa njia ya maandishi: karatasi za kura, magazeti na kumbukumbu za Bunge. Jina linalotangulia kuonwa kabla ya kusikiwa humwachia msomaji kazi ya kulitamka mwenyewe, na msomaji hulitamka kwa lugha anayodhani kwamba ndiyo yake.

Makala haya yanachunguza jina hilo kwa pande tatu: nafasi yake katika utaratibu wa Wadigo na Waislamu wa pwani wa kuwapa watoto majina, sauti yake, na historia ya maandishi yake. Hapa chini Boy ni tahajia inayotumiwa na wenyewe, na Boi ni jina kama linavyotamkwa. Hoja inayotetewa ni kwamba maana ya jina la mtu hutafutwa kwa waliolipokea na kulirithisha, na kwamba umbo la herufi zake laweza kumpoteza hata mtaalamu wa lugha.

2. Jina katika mnyororo wa vizazi

Matuga ni sehemu ya kaskazini ya Kwale. Upande wa bahari imo Ng'ombeni, Waa na Tiwi. Upande wa bara ardhi inapanda kupitia Golini hadi mji wa Kwale na milima ya Shimba. Wenyeji wengi ni Wadigo, mmojawapo wa makabila tisa ya Mijikenda, na lugha yao, ambayo wao huiita Chidigo, ni ndugu wa karibu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Kisabaki. Wadigo walio wengi ni Waislamu. Kuenea kwa Uislamu miongoni mwao katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 kumeelezwa kwa kirefu na David Sperling katika tasnifu yake ya mwaka 1988.

Uislamu ulileta majina mapya, lakini zaidi ya majina yenyewe ulitia nguvu namna ya kuyapanga. Mtu hutajwa kwa jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake mzaa baba. Majina ya Kiarabu na majina ya wenyeji yakaingia katika mnyororo mmoja bila ya kusukumana. Chirau Ali Mwakwere, aliyechaguliwa kuwa Mbunge wa Matuga mwaka 2002, ni mfano ulio wazi: jina la kati ni la Kiarabu, na yale ya pembeni yana umbo la Kimijikenda, moja likianza kwa chi- na jingine kwa mwa-.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Wadigo. Katika desturi yao ya zamani urithi wa mali ulifuata upande wa mama, na mjomba alikuwa na kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake. Sheria ya Kiislamu na mahakama za serikali ya kikoloni ziliutia nguvu upande wa baba, na mvutano kati ya njia hizo mbili ulidumu kwa miaka mingi. Katika mvutano huo mnyororo wa majina ulikuwa upande wa baba daima. Kila anayetajwa kwa majina matatu anatangaza baba na babu, lolote litakalosemwa kuhusu shamba na minazi.

Juu ya mnyororo huo kuna desturi nyingine, iliyoenea kwa Wamijikenda na kwa Waswahili pia, ya kumpa mjukuu jina la babu yake. Tazama majina ya Seneta wa kwanza wa Kwale: Boy, Juma, Boy. Mtu wa kwanza katika mnyororo na mtu wa tatu wana jina moja. Juma alikuwa mwana wa Boi. Alipopata mtoto wa kiume akampa jina la baba yake mwenyewe. Msomaji mgeni huona neno lililorudiwa, pengine akadhani ni kosa la mpiga chapa. Mwenyeji huona babu na mjukuu, somo kwa somo, na baba akiwa katikati yao kama mwenye kulikabidhi jina.

Kutokana na desturi hiyo hufahamika pia jinsi jina la wachache linavyodumu. Jina kama Juma halina hofu ya kupotea. Mtoto aliyezaliwa siku ya Ijumaa aweza kuitwa hivyo popote pwani. Jina lisilokuwa na siku wala mtume wala mwezi wa kulitunza hubakia mikononi mwa jamaa. Likiruka vizazi viwili bila ya kupewa mtoto, limekwisha. Basi kila Boi aliyezaliwa baada ya Boi wa kwanza ni tendo la makusudi la kumkumbuka mtu aliyejulikana.

3. Matamshi

Kwa sikio la Mswahili jina hili lina silabi mbili, Bo-i, na mkazo uko katika silabi ya kwanza, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kiswahili hakiunganishi irabu mbili zinazofuatana kuwa silabi moja. Chai ni cha-i, bei ni be-i, hoi ni ho-i. Neno boy la Kiingereza, kinyume chake, lina silabi moja tu, ambamo sauti huanza katika o na kuteleza kuelekea i bila ya kukatika.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Washairi wa pwani wanaihesabu kila siku katika mizani. Juma Boi ni mizani minne: Ju-ma-Bo-i. Boi Juma Boi ni mizani sita. Malenga akiyatamka majina hayo kwa Kiingereza atapata mitatu badala ya minne, na minne badala ya sita, na mshororo wake utapungua mbele ya wasikilizaji. Kipimo hicho cha kale kinatosha kuonyesha kwamba jina hili, katika vinywa vya wenyewe, limejengwa kwa kanuni za Kibantu.

Konsonanti ya kwanza nayo inastahili kuangaliwa. Katika Kiswahili cha pwani na katika lugha za Mijikenda, b isiyotanguliwa na king'ong'o hutamkwa kwa kuvuta hewa kidogo kuingia ndani wakati midomo inapoachana. B ya Kiingereza hutolewa kwa hewa inayotoka nje. Mtu wa Waa au Tiwi hahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Huisikia mara moja mgeni anapomwita Boi kwa b ya shuleni, ingawa pengine hataweza kueleza ni kitu gani alichokisikia.

Aidha, Chidigo ni lugha yenye toni. Charles Kisseberth, katika uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 1984, alionyesha jinsi toni ya juu katika lugha hiyo inavyosogea kutoka mahali pake pa asili kuelekea mwisho. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo jina moja la mtu mmoja laweza kusikika tofauti kidogo linapotajwa katika mazungumzo ya Chidigo nyumbani na linapotajwa katika Kiswahili cha barazani. Matamshi yote mawili ni ya wenyewe, na katika yote mawili silabi hubakia mbili.

4. Maandishi

Ikiwa jina ni Boi, y imetoka wapi? Hapana budi kukumbuka kwamba pwani ilikuwa na maandishi yake kabla ya kuja kwa hati za Kirumi. Kwa herufi za Kiarabu jina hili huandikwa be, wau na ye. Wau hutumika kwa o na kwa u, na ye hutumika kwa i na kwa y. Msomaji huchagua sauti kwa kuwa analijua jina. Maandishi hayo hayakumtamkia mtu jina asilolijua. Yalimkumbusha jina alilokwisha kulisikia. Anayezihamisha herufi hizo tatu moja moja kuzitia katika Kirumi hupata b, o, y, bila ya kuwa na Kiingereza akilini.

Tahajia ya Kirumi ya Kiswahili iliwekewa kanuni baadaye. Mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 na ule wa Mombasa wa mwaka 1928 ulifungua njia, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Katika kanuni za Kiswahili Sanifu y ni konsonanti inayofuatwa na irabu, kama katika yai au moyo, na haifungi silabi. Kwa kanuni hizo Boy haiwezekani. Ingepasa kuwa Boi. Lakini Kamati ilisahihisha vitabu vya shule na kamusi, haikusahihisha watu. Majina yakabaki na tahajia walizopewa na makarani, masheikh, wamishenari na wenyewe. Ndiyo maana hadi leo Ali huandikwa pia Ally, Hamisi huandikwa Khamis, na Salehe huandikwa Swaleh. Y ya Boy na y ya Ally ni herufi moja katika kazi moja: kuandika i ya mwisho.

Makarani hao walikuwa na nguvu kubwa. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa Kenya mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume wa Kiafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande chenye jina lake na alama za vidole, na alikichukua ndani ya kikopo cha chuma hadi utaratibu huo ulipobadilishwa mwaka 1947. Kwa watu wengi hiyo ndiyo mara ya kwanza jina lao kuandikwa kwa Kirumi, tena na mtu wasiyemjua, ambaye huenda hakuijua lugha yao. Kiswahili chenyewe kimehifadhi kumbukumbu ya zama hizo: kipande cha karatasi kikawa hati ya mtu, na kibarua, yaani barua ndogo, likawa jina la kazi ya siku na la mfanyakazi mwenyewe.

Jambo moja dogo lililopotea katika hati hizo lilikuwa na faida kubwa. Katika maandishi ya kadhi na ya msikitini mtu huandikwa kwa bin: Juma bin Boi. Neno bin humlazimisha msomaji kuelewa kwamba linalofuata ni jina la mtu, baba wa anayetajwa. Hati za serikali zikaiacha bin mara kwa mara, na yakabaki maneno mawili yaliyokaa pamoja, Juma Boy. Ua likang'olewa, na shamba likawa wazi kwa kila apitaye.

5. Boi mtumishi na Boi babu

Aliyepita hapo alikuwa neno la Kiingereza. Katika makoloni ya Waingereza mtumishi wa kiume aliitwa boy, hata akiwa na mke na wajukuu. Kiswahili kikalipokea neno hilo kwa maana hiyo tu ya utumishi, na kamusi zetu zimelisajili boi, wingi maboi, kuwa ni mtumishi wa nyumbani. Riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kameruni, Une vie de boy, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1956, ilipotafsiriwa kwa Kiswahili katika miaka ya 1970 ilipewa jina Boi, na wasomaji wa Afrika Mashariki hawakuhitaji maelezo.

Je, nomino hiyo na jina la Matuga ni neno moja? Sarufi hutoa jibu lililo wazi kuhusu matumizi. Nomino boi ina wingi: maboi wameondoka. Jina Boi halina maboi; ukoo wake ni akina Boi. Nomino hupokea vivumishi na vimilikishi vya kazi: boi mpya, boi wa bwana fulani. Jina hupokea heshima: Mzee Boi, Bwana Boi. Mswahili akisema amekwenda kwa Boi, msikilizaji anaelewa nyumba ya mtu. Akisema amekwenda kwa maboi, anaelewa kibanda cha uani. Hakuna mzungumzaji wa pwani anayeyachanganya maneno hayo mawili, kwa sababu kila moja lina tabia yake katika sentensi.

Wala si jambo geni pwani kwa jina la mtu kufanana na neno la cheo, cha juu au cha chini. Mwinyi ni bwana mwenye mamlaka, na ni jina pia: Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais wa Tanzania kuanzia 1985 hadi 1995, na hakuna aliyedhani kwamba jina lake ni dai la usultani. Kwa upande wa pili watoto wa waungwana wamepewa majina kama Mtumwa, na wengine Shida, Taabu au Mashaka, na hakuna aliyewahesabu kuwa watumwa au wenye balaa. Jina likishapewa mtoto kwa heshima ya mtu aliyetangulia, maana yake ni mtu huyo. Anayeuliza maana ya Boi katika Boy Juma Boy amekwisha kujibiwa na neno la tatu: maana yake ni babu.

Hata hivyo historia ya kazi haiwezi kutenganishwa kabisa na jina hili. Watu wa pwani ya kusini walikuwa miongoni mwa waliovuka Likoni kwenda kufanya kibarua katika bandari ya Mombasa. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1987, ameeleza jinsi vibarua hao walivyoweza kufanya kazi siku chache kisha wakarudi mashambani, na jinsi serikali ilivyojitahidi kuwageuza wawe wafanyakazi wa kudumu. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 na mgomo wa bandari wa Machi 1955 ni hatua mbili kubwa za historia hiyo. Katika bandari hizo mtu mzima aliyebeba mzigo aliitwa boy na waliomsimamia. Baadaye, wafanyakazi walipokuwa na chama chao, mmoja wa waliokiongoza akawa Juma mwana wa Boi. Waajiri waliokaa naye mezani walilazimika kulitamka jina hilo kwa adabu, pamoja na cheo chake. Neno lililotumiwa kumshusha mtu likasikika, kwa sauti ileile ya masikio yao, kuwa jina la yule waliyepaswa kukubaliana naye.

6. Kutoka jina la babu hadi jina la ukoo

Badiliko la mwisho linatendeka sasa. Katika mnyororo wa asili jina la tatu hutoka kila kizazi kipya kinapoingia. Mtoto wa Issa Juma Boy, kwa utaratibu huo, angetajwa kwa jina lake, kisha Issa, kisha Juma; Boi angetoka katika majina matatu, isipokuwa kama angepewa yeye mwenyewe kuwa somo wa babu mkubwa. Lakini vyeti vya shule, pasipoti na magazeti vimezoea jina la mwisho lisilobadilika. Kumbukumbu za Bunge kwa Kiingereza humwandika mtu kwa jina lake la mwisho, na kwa njia hiyo jina la babu mmoja wa Matuga likaanza kutumika kama jina la familia nzima.

Badiliko hili lina faida na hasara. Faida ni kwamba jina halitapotea. Hasara ni kwamba likishakuwa jina la ukoo halipewi tena mtoto kwa kumkusudia mtu, bali huja lenyewe pamoja na cheti. Kule kukabidhiana kati ya babu na mjukuu, ambako kulikuwa ndiko maana ya jina, kunabaki katika hati bila ya tendo lenyewe.

7. Hitimisho

Jina Boi linawafundisha wanaisimu wa Kiswahili mambo matatu. Kwanza, majina ya watu ni ushahidi wa fonolojia, na hayafai kuachwa nje ya uchunguzi kwa sababu eti tahajia zake hazifuati usanifu. Pili, tahajia ya mwenye jina ni mali yake, na hakuna kamati yenye haki ya kumwondolea y. Linalowezekana, na linalotakiwa, ni kuandika matamshi kando yake. Orodha ya majina itakayotungwa kwa ajili ya pwani ya kusini ingefaa iwe na tahajia ya wenyewe, silabi na mkazo, matamshi ya Chidigo yakiwapo, na jina la jamaa aliyerithiwa. Tatu, asili ya neno na maana ya jina ni maswali mawili. La pili hujibiwa na ukoo.

Mwalimu anayeita majina darasani Kombani au Golini, na msomaji wa habari anayesoma matokeo ya kura akiwa Nairobi, wanakutana na herufi zilezile tatu. Wote wawili wana dakika ya kuchagua. Wakizitamka kwa silabi mbili, Bo-i, watakuwa wamemwita mtu kwa jina la babu yake. Wakizitamka kwa moja, watakuwa wamemwita kwa neno ambalo wazee wake walikuwa wakiitwa na mabwana wa bandarini.